Guanyin Mwenye Sura ya Mama Cai

"Nimekuja kununua Guanyin," alisema Cai Wenbin akiwa bado mlangoni, kofia kichwani.

Ke Shuyin hakuinua uso. Alikuwa akipiga msasa goti la mungu wa mlango, na goti lilikuwa na thamani kuliko mgeni.

"Basi umekosea nyumba. Nenda kanunue nguruwe sokoni. Guanyin ni mungu wa kike wa huruma; hanunuliwi, hukaribishwa. Hata mtoto wa miaka minne hapa Dongqiao analijua hilo. Mama yako hakukufundisha?"

Lilikuwa tusi, na Shuyin alikusudia liwe tusi. Mama Cai alikuwa kaburini miezi mitatu tu. Siku ya mazishi yake mji mzima ulimsindikiza, isipokuwa Shuyin. Yeye alifunga karakana, akajipikia tambi ndefu, zile za siku ya kuzaliwa, akala bakuli mbili.

Wenbin alivua kofia. Alikuwa na miaka hamsini, kitambi cha mtu aliyefanikiwa, na viatu ambavyo havikuzoea vumbi la mbao. "Shemeji..."

"Usiniite shemeji. Ushemeji uliisha siku mliponitupia sanduku langu barabarani."

"Fundi Ke, basi." Akaingia ndani. "Nataka kumkaribisha Guanyin Mleta-Watoto, akae katika hekalu letu la juu. Mkwe wangu Peilin ana mwaka wa nne wa ndoa sasa, hajashika mimba. Tumemnywesha kila mzizi. Na mkono mzuri ni wako, mji mzima unasema. Lakini nina ombi moja." Akatoa picha mfukoni, akaiweka juu ya benchi, katikati ya patasi. "Nataka awe na sura ya mama."

Shuyin aliitazama picha. Taya lile, midomo ile iliyobanwa kama mfuko wa bahili, chunjua kando ya pua. Akaificha mikono chini ya aproni. Alimchukia mwanamke yule. Hakumchukia kwa fumbo wala kwa staha; alimchukia kama mtu anavyochukia jino bovu, kila siku, na zaidi anapokula.

Miaka thelathini na minane iliyopita Shuyin alikuwa mke wa Wenhai, kaka mkubwa wa Wenbin. Alizaa msichana. Enzi hizo mtoto aliyeruhusiwa alikuwa mmoja, na Mama Cai hakuwa tayari huyo mmoja awe wa kike. Siku ya tatu asubuhi alimlaza mtoto ndani ya kikapu cha mboga, akamfunika kwa kitambaa cha buluu, akatoka naye. Wenbin, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikwenda naye kumshikia mwavuli. Shuyin aliwaona kupitia dirishani; kitandani alikuwa hawezi hata kukaa. Walirudi jioni bila kikapu. Wenbin alikuwa anatafuna mkate wa ufuta.

"Nimempa mtu wa lori," alisema Mama Cai. "Anampeleka milima ya magharibi, kuna watu wanataka watoto. Sasa lala, upone, utuletee mvulana."

Wenhai alitazama sakafu. Alikuwa mwanamume wa kutazama sakafu, na ini lilipomuua baadaye alikuwa bado anaitazama. Shuyin hakumpa mvulana wala kitanda. Kabla mwaka haujaisha sanduku lilikuwa barabarani, naye akarudi karakanani kwa baba yake kuchonga miungu. Kila mwaka baada ya mavuno alipanda kwenda milima ya magharibi, kijiji hadi kijiji, akiuliza juu ya msichana ambaye ncha ya sikio lake la kushoto imekunjika. Hakuna aliyewahi kumwona. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mama Cai naye alikuwa mzazi, ndiyo maana Shuyin hakumsamehe.

"Dereva wa lori aliitwa nani?" aliuliza sasa.

Wenbin alishtuka. "Lori gani?"

Shuyin aliinua uso kwa mara ya kwanza. Jibu lilikuwa limetoka haraka mno. Kumbe hapakuwa na lori! Miaka yote ile amekwea milima kutafuta lori ambalo halikuwapo.

"Wenbin. Mlimpeleka wapi mwanangu?"

"Nilikuwa mtoto. Sikumbuki."

"Mkate wa ufuta unaukumbuka?"

"Nimekuja kwa ajili ya sanamu," alisema Wenbin, sauti ikapanda. "Mama alikuwa mtu wa watu. Hekalu lile paa lake alilitia yeye. Mambo ya zamani ni ya zamani. Maji yakimwagika hayazoleki. Unachonga au huchongi? Nitakwenda kwa mafundi wa mjini."

"Nenda. Watakupa sura ya mashine."

Wenbin hakuondoka. Alijua Shuyin anasema kweli. Shuyin naye alitaka kumfukuza, ulimi ulikuwa tayari, ndipo akakumbuka karatasi ya tumbo.

Kila sanamu ya mbao ina uwazi mgongoni. Humo hutiwa nafaka tano, nyuzi za rangi tano, na karatasi ya mwenye kumkaribisha, kisha kifuniko kinafungwa kwa gundi. Kwa Guanyin wengine karatasi huwa ni jina na dua. Kwa Mleta-Watoto, pale Dongqiao, ni lazima iwe orodha ya watoto wote wa nyumba, hai na maiti, waliokaa na waliotolewa, na mahali alipo kila mmoja. Mungu huhesabu kwanza ndipo aongeze. Nyumba inayomficha mmoja hainyimwi tu, hupunguziwa. Hilo halina mjadala. Wanaume waliosoma hadi chuo kikuu hulicheka wakiwa mjini, na wakirudi nyumbani huandika orodha na kuihesabu mara mbili.

"Nitachonga," alisema Shuyin. "Sura ya mama yako, mpaka chunjua. Na wewe utaandika karatasi ya tumbo. Wote, Wenbin. Unajua maana ya wote?"

Wenbin aliutazama mlango, kisha picha. "Najua."

"Ukimruka mmoja, mkwe wako atakunywa mizizi mpaka aote majani."

*

Baba yake Shuyin alikuwa akisema: ukichonga Guanyin, usimfananishe na mtu yeyote, ili kila mtu amwone ni wake. Macho yainame kumtazama aliyepiga magoti. Nyusi ziwe za mwezi mchanga. Midomo isicheke wala isinune. Shuyin alichonga sura hiyo mamia ya mara, na watu walilia mbele yake, kila mmoja kwa sababu zake.

Sasa alichukua gogo la mkafuri, zuri, lililokauka miaka sita, akalitia taya la Mama Cai. Mwezi wa kwanza alijikata mara tatu. Aliipiga patasi kama anampiga mtu. Nywele na taji zilikubali, mikunjo ya nguo ilikubali, lakini uso uligoma: kila alipoinamisha macho, yalikuwa macho ya mwanamke anayehesabu mayai ya jirani. Aliyaacha hivyo. Ameombwa sura, atatoa sura. Kama ni kilemba cha ukoka, basi akivae mwenyewe aliyekitaka.

Majirani walikuja kuchungulia. Bibi Fang wa duka la chai aliweka mkono kifuani.

"Jamani! Ndiye yeye! Huyu aliyenicharaza kwa ufagio kwa sababu ya matunda mawili ya longani yaliyoanguka njiani! Mimi nimsujudie huyu?"

"Utamsujudia," alisema Shuyin. "Na wajukuu wako watakuja na machungwa."

"Wewe una roho mbaya, Shuyin."

"Sijaificha."

Mtoto wa Mleta-Watoto huchongwa peke yake, kisha hutiwa mikononi mwa mungu na kushikizwa kwa kipini cha mwanzi. Kwa desturi huwa mvulana mnene mwenye kishungi, ameshika ua la yungiyungi. Shuyin alichonga kichanga cha siku tatu kilichofungwa ndani ya kitambaa, akakipaka kitambaa rangi ya buluu. Sikio la kushoto alilikunja ncha. Hiyo ilikuwa kazi ya wiki tatu, na siku hizo hakuna aliyeruhusiwa kuingia karakanani, hata Bibi Fang na uvumi wake.

Wenbin alipokuja kukagua, uso wa mama yake ulimtoa machozi, machozi ya kweli, na Shuyin alimchukia zaidi kwa hayo. Kisha akamwona mtoto.

"Huyu mbona si mvulana?"

"Ana siku tatu na amefunikwa. Unataka nimvue?"

"Mleta-Watoto hubeba mvulana, fundi. Kila mtu anajua."

"Wewe uliyewahi kubeba mwavuli ndiye utanifundisha mimi nani anabebwa?"

Wenbin alilitazama sikio, kisha kitambaa cha buluu. Rangi ilimtoka usoni. Aliacha chai yake bila kuigusa, akatoka bila kuaga, na Shuyin akajua kwa hakika kwamba anakumbuka kila kitu.

*

Siku ya kumi na tisa ya mwezi wa pili, siku ya kuzaliwa Guanyin, hekalu la juu lilijaa tangu asubuhi. Wanawake walileta machungwa, keki za mchele na tambi. Wenbin alikuwa amevaa suti. Kando yake alisimama Peilin, mkwe wake, msichana mwembamba mwenye uso wa mtu aliyechoka kupapaswa tumbo na wageni. Mumewe hakuwapo, alisema ana kazi mjini, kama alivyokuwa na kazi kila siku ya namna ile.

Sanamu ilisimama juu ya meza, uso umefunikwa kwa kitambaa chekundu. Mtawa Jueliang, mzee mfupi anayesikia kwa sikio moja, alisoma dua. Kisha akageuza mgongo wa sanamu uelekee watu, kwa kuwa tumbo hujazwa mbele ya wote. Shuyin alikaa karibu na gundi na patasi yake, kama fundi anavyopaswa. Mtawa akatia nafaka. Akatia nyuzi.

"Karatasi," alisema.

Wenbin alitoa bahasha nyekundu, imefungwa na kupigwa mhuri.

"Nipe niisome," alisema Shuyin.

"Ya nini?"

"Nihesabu."

"Anayehesabu ni Guanyin." Wenbin alisema kwa sauti ya kusikika mpaka uani, tena akitabasamu. "Karatasi ya tumbo ni siri ya mwenye nyumba na mungu wake. Au desturi imebadilika bila sisi kuambiwa? Mtawa, imebadilika?"

"Haijabadilika," alisema mtawa.

Wenbin aliinama karibu na sikio la Shuyin, akijifanya anaweka bahasha vizuri. Alinukia mvinyo wa mchele. "Ulitaka iandikwe," alinong'ona. "Imeandikwa. Wote, hata yule. Kijiji, nyumba, na jina walilompa. Siwezi kumdanganya Guanyin. Lakini wewe nani alikwambia utasoma? Mama aliniapisha, na nitakufa na kiapo hicho. Sasa funga."

Bahasha ikaingia tumboni.

Miezi minane Shuyin alikuwa amejitayarisha kwa uongo wa Wenbin. Hakujitayarisha kwa ukweli wake. Ukweli ulikuwa pale, umbali wa kiganja, ndani ya mbao aliyoichagua mwenyewe. Akiifunga, hautatoka tena. Mungu aliyefumbuliwa macho hapasuliwi. Anayempasua mungu hai hakuna mtu Dongqiao atakayempa hata maji. Aliutaka ukweli uandikwe, ukaandikwa, na yeye ndiye mwenye kuufukia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Fundi," alisema mtawa. "Kifuniko."

Alipaka gundi. Alikitia kifuniko mahali pake, akakigonga mara tatu kwa mpini wa patasi. Watu wakapumua. Wenbin akakunja mikono juu ya kitambi. Mtawa akageuza sanamu, akaondoa kitambaa chekundu, na Mama Cai akatazama watu wake chini ya taji la dhahabu. Mnong'ono ukapita. Bibi Fang akasema, "Loo, kweli kifo hakimalizi mambo."

Mtawa akachovya brashi katika wino mwekundu. Sasa kilibaki kitu kimoja tu, macho. Nukta mbili, na mbao inakuwa mungu.

Nukta mbili, aliwaza Shuyin. Mbao inakuwa mungu. Kwa hiyo sasa hivi ni nini?

"Ngoja," alisema.

Brashi ilisimama hewani. Shuyin alipanda juu ya meza ya sadaka, mwanamke wa miaka sitini, machungwa yakabingirika sakafuni. Akazunguka nyuma ya sanamu, akapachika patasi kwenye ukingo wa kifuniko.

"Mama yangu!" mtu alipiga kelele. "Anampasua Guanyin!"

"Mzuieni!" Wenbin alifoka. "Kichaa huyu! Mtawa, mzuie!"

"Mtawa," alisema Shuyin bila kugeuka. "Kabla ya macho kufumbuliwa, hiki ni kitu gani?"

Mzee aligeuza sikio lake zima. Alifikiri kwa muda mrefu, na Wenbin alimpigia kelele wakati wote anafikiri.

"Kabla ya macho," alisema hatimaye, "ni mbao ya fundi."

Gundi ilikuwa bado mbichi. Kifuniko kilitoka kwa pigo moja, nafaka zikamwagika kwenye suti ya Wenbin aliyekuwa amekimbilia kumvuta mguu. Shuyin alimpiga teke la kifua. Hakuona haya hata kidogo. Alirarua bahasha kwa meno, akaisoma karatasi pale pale juu ya meza, akiruka majina ya watu wazima na watoto wao, hadi mstari wa mwisho. Mwandiko ulikuwa mzuri, umeandikwa na mtu mwenye hofu.

Akausoma kwa sauti.

"Msichana wa kaka Wenhai, mwaka wa chuimilia, siku tatu. Alipewa nyumba ya Weng, wapika tofu, kijiji cha Houtan. Wakamwita Liuzhu."

Houtan iko ng'ambo ya mto. Kutoka pale mlangoni mtu huona mapaa yake. Kila asubuhi tofu ya Houtan hushuka sokoni Dongqiao, na hakuna nyumba isiyoila, ya Shuyin ikiwemo. Milima ya magharibi! Alikuwa amechakaza viatu miaka yote ile, na mwanamke aliyekuwa akimkatia tofu kila siku ya soko, yule anayefunga kitambaa mpaka chini ya masikio, hajawahi kumtazama vizuri. Huenda ni yeye, huenda ni jirani yake. Shuyin alishika taji la sanamu.

Kisha akalia, kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya watu wote, na hakujifuta.

"Lulu iliyobakizwa," alisema Bibi Fang polepole. "Liuzhu. Kumbe kuna watu walitaka abaki."

Wenbin aliinuka, mchele begani. "Umefurahi? Umemvunjia mama heshima, umefurahi? Funga! Rudisha karatasi, funga, afumbuliwe macho! Mkwe wangu atazaaje sasa?"

Peilin hakuwa amesema neno tangu asubuhi, wala tangu aolewe, kama ungewauliza wanawake wa Dongqiao.

"Baba," alisema, "muulize mwanao kwa nini anakataa kwenda kupimwa hospitali. Mimi nimekwenda mara tatu. Mimi mzima."

Mtu alicheka nyuma, kisha wengine, kicheko kibaya cha wanawake waliosubiri miaka mingi. Wenbin aligeuka huku na huku akitafuta uso mmoja wa kumwonea huruma. Ulikuwapo wa mama yake tu, juu ya meza, nao ulikuwa unahesabu mayai.

"Mama Cai alikupa mkate wa ufuta," Shuyin alimwambia, "ukala miaka thelathini na minane. Shiba."

Alikunja karatasi, akaitia kifuani. Mtawa alimnyoshea mkono amsaidie kushuka, lakini alikuwa hajamaliza. Alipitisha patasi chini ya mkono wa sanamu, akatafuta kipini cha mwanzi kwa kidole, akakisukuma. Kikatoka. Akamwinua mtoto kutoka mikononi mwa Mama Cai, pamoja na kitambaa chake cha buluu.

"Hicho ni changu!" alisema Wenbin. "Nimelipia!"

"Mtoto hanunuliwi," alisema Shuyin.

Akashuka mezani. Watu walimpisha, wengine kwa heshima, wengine kwa kuogopa patasi. Alitoka kwenye jua, akashika njia ya mtoni, amemkumbatia mtoto wa mbao kama mtu anayemrudisha nyumbani, na njiani alikuwa akilijaribu jina mdomoni, taratibu, asije akalikosea atakapoulizwa anamtaka nani.

Nyuma yake mtawa alifuta brashi, akafunika kidau cha wino. Mama Cai alibaki amesimama juu ya meza, mgongo wazi, macho hayajafumbuliwa, mikono imekunjwa kubeba kitu ambacho hakikuwapo.